Mkono Wako Haukuachia

Ziba, Jumatano, baada ya alasiri

Zuhura mwanangu,

Umekwenda na baba yako kumuaga shangazi yako, na namjua wifi yangu: hatawaacha mtoke mpaka sufuria iwe tupu. Kwa hiyo nina saa mbili, nina meza, na nina daftari lako la fizikia ambalo kurasa zake za nyuma hukuzigusa. Sitaandika habari za chakula, wala za watu wa stendi, wala za kupiga simu. Hayo nimekuambia mpaka umeanza kunimalizia sentensi.

Liko neno moja ambalo sijakuambia mwaka mzima. Nalisema sasa hivi, kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu nikianza na maelezo nitapata njia ya kulikwepa. Mwaka jana kule Nzega, kwenye mtihani wa yule mkandarasi wa kuvuta umeme vijijini, mkono wako haukuachia bomba. Kilichoachia ni ngozi. Na ngozi hiyo niliidhoofisha mimi, siku moja kabla hujaondoka, nikijua ninachofanya.

Unaikumbuka siku yenyewe. Ulikuwa umefanya mazoezi miezi saba, ukining'inia kwenye bomba ambalo baba yako alilikaza juu ya mlango wa zizi, na chini ya kila kidole ulikuwa umeota sugu, nne kulia, nne kushoto. Nikakuita uani, nikakukalisha kwenye kigoda, nikakulowesha viganja kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Halafu nikachukua jiwe la kusugulia nyayo.

"Mama, hii mikono, si miguu," ulisema ukicheka.

"Binti hatoki nyumbani kwangu na viganja vya mpasua kokoto. Tulia."

Nikasugua. Sugu zikalainika, zikavimba nyeupe, na zilizobaki nikazinyoa kwa wembe. Baba yako akapita na ndoo ya maziwa, akasimama.

"Mama Zuhura, unamtoa mtoto ngozi, naye kesho anashika chuma."

"Haya ni mambo ya wanawake. Wewe peleka maziwa yako."

"Mimi nimesema," akajibu, akaenda zake.

Nikakupaka samli, kisha hina, ile hina ya safari ambayo mama yangu alinipaka nilipokwenda shule ya bweni. Ulinipa mikono yako kama mtoto mdogo, kwa sababu mimi ni mama yako na ulidhani nakubariki. Kesho yake ulining'inia sekunde thelathini na nane. Zilitakiwa sitini. Viganja vilichanika vyote viwili, damu ikateleza kwenye chuma, ukaanguka, na yule msimamizi akalifuta bomba kwa kitambaa mbele ya wanaume tisa, akakuambia, "Dada, nguzo haipakwi hina. Nenda kaolewe."

Hayo hukuniambia mimi. Ulimwambia baba yako zizini, nami nilikuwa nyuma ya ukuta na ungo wa mchele. Nilikusikia ukisema pia, "Mikono yangu dhaifu, baba. Nimeachia."

Na mimi nilifanya nini? Nilisema alhamdulillahi. Nilisema kwa sauti, ukanisikia. Nikapika pilau.

Usinitafutie udhuru kwamba sikujua. Katika nyumba hii hakuna mtu anayeijua sugu kunishinda mimi, na sasa ngoja nikueleze niliijulia wapi, maana umesikia vipande tu.

Nilizaliwa Tabora mjini, kwenye nyumba yenye mlango wa nakshi na chumba kizima cha vitabu vya babu. Babu yake babu alitoka Omani, akafuata njia ya misafara kutoka pwani, akapita Tura, akafika Tabora na kufungua duka. Nilikua nikisikia habari za misafara hiyo: pembe, nguo, shanga, siku ngapi za njia, wapi palikuwa na maji. Nilisoma kila nilichokipata juu yake, na bado nasoma. Ilinichukua nusu ya maisha kugundua kwamba kwetu tulisimulia misafara kana kwamba mizigo ilitembea yenyewe.

Nikampenda dereva wa lori la pamba. Baba yako alisilimu kwa ajili yangu, na bado hakutosha. Kaka zangu walisema nikitoka nitoke moja kwa moja, nami nikatoka, nina miaka ishirini, nina masanduku mawili na viganja laini kama mkate wa maji. Kutoka Tabora mpaka hapa Ziba si mbali. Basi la asubuhi linafika kabla ya adhuhuri. Mimi nilichukua miaka kumi na tisa kurudi kwa mara ya kwanza. Leo ni mwaka wa arobaini na tatu niko huku, na mtu akiniuliza kwetu wapi, bado nachelewa kujibu.

Bibi yako Kabula, mama wa baba yako, hakuniuliza. Siku ya tatu alinipa ndoo na kamba ya katani, akanipeleka kisimani. Hukukijua kisima kile; kilifukiwa kabla hujazaliwa. Kilikuwa kirefu, hakikuwa na gurudumu wala mti wa kuzungushia. Ulisimama ukingoni, ukashusha ndoo, ukaivuta kwa mikono, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka juu. Wanawake wa hapa walivuta huku wanapiga soga. Mimi ndoo ya kwanza ilinishinda nusu ya njia, ikarudi chini, ikanichoma viganja. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikafanya kitu ambacho mtu wa hapa hawezi kukifanya hata akiwa mlevi: nikaizungusha kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono, ili isiniponyoke tena.

Ndoo ilipojaa iliniburuta. Nilikwenda kwa tumbo mpaka kichwa kikaning'inia juu ya kisima, na kama bibi yako asingenikalia miguuni, wewe usingekuwapo. Alinivuta nyuma, akaifungua ile kamba, akautazama mkono wangu uliokwisha kuvimba. Nilitegemea pole.

"Sasa ni nani alikuwa anachota," akaniuliza, "wewe au ndoo?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo nikaitwa Mwarabu wa Ndoo, jina ambalo nililibeba miaka minne.

Mkono ulipopona, Kabula alianza kunifundisha. Hakuita mazoezi, mazoezi ni neno letu, mimi na wewe. Yeye aliita kazi, na aliipanga kwa akili ambayo nimekuja kuielewa baadaye sana. Kwanza alinipa ng'ombe mmoja mpole nimkamue. "Usibane kama unakamua limau. Funga hapa juu, kidole gumba na cha shahada, maziwa yasirudi. Halafu shuka, kidole kimoja kimoja, mpaka kile kidogo." Baada ya siku kumi vidole viwili vya mwisho, ambavyo maisha yangu yote vilikuwa pambo tu, vilianza kuuma, kisha vikaanza kushika. Huko ndiko nguvu ya kushika inakokaa, Zuhura. Watu wote wanatazama gumba. Wewe tazama kidole kidogo: kikiwa kimeshika, mkono wote umeshika.

Halafu akanipa mablanketi yaliyolowa niyakamue, safari moja nikizungusha kulia, safari nyingine kushoto, na nikisahau kushoto ananirudishia blanketi majini. Halafu, jioni, mtungi wa mtama. "Tia mkono. Fungua vidole humo ndani. Tena." Nilidhani ananidhihaki. Kufungua vidole ndani ya nafaka, kuna nini? Mara ishirini, kigasha changu kikawaka moto upande wa juu, hapa kati ya kiwiko na kifundo, mahali ambapo sikujua kwamba pana nyama. Alisema mkono unaojua kufunga tu unakuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwaka wa pili nilivuta ndoo nikiwa napiga soga.

Nilimuuliza siku moja kama watu wao walipita kwenye misafara. "Babu yangu alibeba mpaka pwani," akasema. "Akarudi na bega moja liko chini." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa historia yote upande wao. Hakuna shanga, hakuna pembe; bega tu. Wewe umetoka pande zote mbili, mwanangu, na upande uliobeba ndio utakaokufaa keshokutwa.

Sasa utauliza, na una haki: mtu aliyejengwa hivyo, kwa nini anyoe sugu za mtoto wake?

Mama yangu alipofariki nilikwenda Tabora. Ndiyo hiyo safari ya kwanza, baada ya miaka kumi na tisa. Nyumba ilijaa wanawake, nikaingia na buibui langu, nikaanza kutoa mkono wa pole mmoja mmoja. Nilipofika kwa binamu yangu Nasra, ambaye nililala naye kitanda kimoja utotoni, aliupokea mkono wangu, akasita, akaugeuza kiganja juu, mbele ya watu.

"Hebu tazameni," akasema. "Mwenzetu, hii mikono uliiazima kwa nani?"

Walicheka kidogo, cheko la msibani, la pembeni ya mdomo. Kisha mtu mmoja, bila ubaya wowote, akaniambia wachambua mchele wako uani, kama naweza kuwasaidia. Nikaenda. Nilimzika mama yangu nikiwa upande wa wachambua mchele, na siku tatu nilificha viganja ndani ya nguo. Ninaona aibu kuandika hivyo. Siionei aibu mikono. Nauonea aibu ule ufichaji. Mikono iliyovuta maji ya nyumba nzima, iliyokamua, iliyolima, mimi nikaikalia kama kitu nilichokiiba.

Miaka miwili baadaye nikakupata wewe, nikiwa na arobaini na moja, baada ya watu wote kwisha kukata tamaa na mimi nikiwa wa kwanza. Nilikutazama vidole nikajiapiza kwamba hakuna mtu atakayekigeuza kiganja chako mbele ya watu. Hicho ndicho kiapo kilichokuchana Nzega. Sikukuonea wivu, wala sikuogopa nguzo, ingawa naiogopa. Nilitaka uende kwa wageni na mikono ambayo Nasra asingeicheka. Na chini zaidi ya hapo, mahali ambapo mtu hajitazami, nilitaka ushindwe kwa upole, urudi, nikutunze. Nilijua ngozi mbichi haikai kwenye chuma. Baba yako alinikumbusha. Nikaendelea kusugua.

Labda uliling'amua hili zamani. Inawezekana ulijua tangu siku ile na ukaninyamazia kwa heshima. Kama ndivyo, heshima hiyo siitaki, nakurudishia. Ichukue uende nayo, utamkuta mzee mwingine anayeistahili.

Nikueleze na upande wangu wa mwaka huu, maana tumeuishi pamoja lakini hatukuusema. Wiki ya nne baada ya Nzega, viganja vimepona rangi ya waridi, nilitoka kumwaga maji nikakuona umening'inia tena mlangoni mwa zizi. Uso umekukunjamana, shingo imekutoka mishipa.

"Mama, usinitazame."

"Mbona unaliua hilo bomba?"

"Nashika kwa nguvu."

"Nguvu zote hizo za nini? Bomba halikimbii."

Ulishuka ukanitazama kana kwamba ng'ombe ameongea. Ulikuwa hujawahi kunisikia nikisema jambo la maana juu ya kushika. Na mimi nilikuwa sijawahi kulisema, kwa sababu miaka yote nilikuwa najifanya sijui. Hapo ndipo nilipoanza. Nilijiambia nafanya kwa ajili yako. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalipia kwa siri, na malipo ya siri ni uongo mwingine.

Lakini kazi ilikuwa ya kweli, na hiyo sitaruhusu mtu aiguse. Ulikuwa unaning'inia kila siku, kiwiko kikaanza kukuuma upande wa nje, ukanificha. Nilijua kwa jinsi ulivyoshika kikombe. Nikakuamuru siku tatu kwa wiki na si zaidi, ukanuna wiki nzima. Ukaniambia, "Wenzangu wanafanya kila siku." Nikakujibu wenzako hawana kiwiko chako. Misuli hupata nguvu upesi, kano huja nyuma taratibu kama mzee sokoni, na mtu asiyezingoja kano zake huishia kufunga mkono kitambaa. Mimi sikuzingoja mwaka ule wa kisima, na kifundo changu hutabiri mvua mpaka leo.

Tukatia mtama kwenye ndoo. Ulicheka, kama nilivyocheka mimi, mpaka mara ya ishirini. Baba yako akakukatia kile kijiti, akafunga kamba na tofali, ukawa unakizungusha kijiti mpaka tofali lifike juu, kisha unaliachia lidondoke.

"Umefanya nusu ya kazi," nikasema.

"Si limefika juu?"

"Lishushe. Polepole. Hesabu mpaka kumi."

Ulifikisha saba, ukalitukana tofali kwa Kisukuma, ukadhani sikuelewa. Nimeolewa Usukumani miaka arobaini na mbili, mwanangu. Nilielewa, na nilikubaliana nawe. Lakini baada ya mwezi ulikuwa unalishusha kama unamlaza mtoto, na vigasha vyako vikawa na umbo ambalo fulana haiwezi kulificha.

Halafu yale madumu mawili ya lita ishirini, kutoka bomba la maji mpaka duka la kona bila kuweka chini. Watu walitoka nje kutazama. Mama Pili alisema, "Mama Zuhura, huyu atapata mume wa wapi?" Nikamwambia atakayempata atakuwa hahitaji kubebewa. Nilisema barabarani, kwa sauti ile ile niliyosemea alhamdulillahi. Wewe ulikuwa mbele, madumu mikononi, masikio yakawa mekundu, na hukuweka chini.

Jumamosi iliyopita ulikaa dakika moja na sekunde arobaini. Saa nilikuwa nayo mimi. Hukuwa umechoka, niliisimamisha kwa sababu sikuona tena mshale. Ukashuka ukaniuliza ngapi, nikakuambia inatosha, ukanikasirikia kwamba sijakutajia. Nimekutajia sasa.

Keshokutwa mtihani uko Tabora, kwenye uwanja wa mkandarasi yule yule, na labda msimamizi yule yule. Ukipita, hurudi; mafunzo ni miaka miwili, na ndiyo maana begi lako ni zito. Ukishindwa, mkandarasi amesema hachukui mtu mara ya tatu. Nimelifikiria hilo nikajiuliza kama barua hii ni bora uipate baada ya mtihani. Mtu mwenye busara angengoja. Lakini nimekutazama mwaka mzima. Kila unapofika sekunde ya thelathini na tano unafumba macho. Unadhani sioni. Unaingojea ya thelathini na nane kama mtu anayepita karibu na nyumba yenye mbwa. Unaamini kwamba hapo ndipo mikono yako ilipokusaliti, na mtu anayeamini hivyo huenda akatii. Kwa hiyo unalisoma hili kwenye basi, kabla hujafika Nzega: hapo hapana kitu. Mikono yako ilikuwa na nguvu ya kutosha mwaka jana. Ilikuwa na nguvu ya kutosha hata ngozi ilipokuwa inachanika, maana mtu dhaifu angeachia kwenye sekunde ya kumi na tano, wewe ulining'inia kwenye nyama mbichi sekunde ishirini na zaidi. Yule msimamizi hajui alichokuwa anakitazama. Mimi najua, na nakuambia.

Sugu zako nimezitazama jana ulipokuwa unakula. Ziko vizuri. Usiziondoe, na usiziache zikasimama kama vilima, kwa maana kilima ndicho kinachokunjika na kuchanika. Zisawazishe kidogo kwa tupa ya kucha zikiwa kavu, zilingane na ngozi ya pembeni, basi. Ukilishika bomba, liweke hapa kwenye mizizi ya vidole, si katikati ya kiganja. Kwenye nguzo yenyewe miguu ndiyo inayobeba. Mikono ni ya kukuweka karibu tu, na ukiona mikono imechoka, kosa liko miguuni. Hili la mwisho sikulijua, nilimsikia baba yako akimwambia mtu, na yeye alilipata kwenye kupanda magunia ya pamba.

Nyumba ile yenye mlango wa nakshi iko dakika kumi kwa miguu kutoka uwanjani. Nasra yu hai, anaishi humo. Nilitaka nikukataze kwenda, halafu nikajiuliza namlinda nani. Nenda, ukitaka. Nenda na nguo zako za kazi, usibadilishe. Mwamkie shikamoo kama inavyompasa mtu wa umri wake, mtajie jina lako na jina langu, kisha mpe mkono wa kulia. Akitaka kukigeuza kiganja, mwache akigeuze. Akiuliza ulikiazima kwa nani, mwambie ni chako, na kwamba kingine kama hicho kipo Ziba, na mwenyewe hakikalii tena.

Juzi kaka yangu mkubwa alinipigia simu kuuliza habari za mtoto. Miaka yote nimekuwa nikimjibu kwamba unasoma, unasoma, jibu lenye mikono misafi. Safari hii nilimwambia mwanangu anapanda nguzo za umeme. Akasema, "Binti wa nyumba yetu?" Nikamwambia hapana, binti wa nyumba yangu. Nilikata simu mimi kwanza, na sijawahi kumkatia simu kaka yangu maishani mwangu. Nilikaa pale jikoni moyo unakwenda mbio kama nimetoka kisimani.

Nasikia pikipiki barabarani, labda ni ninyi. Namaliza.

Hii nitakupa mkononi kesho, mlango wa basi ukifungwa. Sikuombi radhi kwa njia ya kukufanya unijibu "hakuna neno, mama," kwa sababu lipo neno, na ni kubwa. Utanikasirikia. Ninakutazamia unikasirikie, ukinisamehe kabla ya Nzega nitajua hukusoma vizuri. Usinipigie simu mpaka utakapotaka mwenyewe, hata ikichukua mwezi. Nimewahi kukaa miaka kumi na tisa bila neno kutoka kwetu, naweza kuvumilia mwezi.

Ila nakuomba jambo moja, na naliomba kama mtu aliyekushikia saa, si kama mama. Hasira hukaza vidole kupita inavyohitajika. Utalibana bomba utadhani ni shingo yangu, na kwenye sekunde ya thelathini vigasha vitajaa na kuwaka, na nguvu uliyoijenga mwaka mzima utakuwa umeimalizia kwangu badala ya kwenye chuma. Siistahili nguvu hiyo. Pumua, shika kwa kiasi, fumbua macho, zipite thelathini na nane kama namba nyingine yoyote, kisha uende nguzoni upande mpaka juu kabisa, wakuone.

Nikasirikie ukishashuka.

Mama yako